Oktani ya gari la Japani: kwa vijana mnaoanza gereji Mbeya

Wadogo zangu mnaoanza kushika spana, nimechoka kusikia mteja akijibiwa, "Petroli ni petroli bosi, wewe weka tu." Juzi nimelisikia tena, na safari hii limetoka kwa kijana mwenye mkono mzuri kweli, anayefunga hedi kwa utulivu ambao mafundi wengi wa rika langu hawana. Ndiyo maana linaniuma. Mkono unajua kazi, lakini kichwa hakijaulizwa.

1. Fungua mfuniko wa tangi kabla ya kufungua boneti. Gari la Japani limebandikwa stika pale ndani inayosema linataka petroli gani. ハイオク au 無鉛プレミアム ni haioku, yaani petroli ya oktani ya juu; レギュラー ni regula, ile ya kawaida. Stika ikiwa imebanduka, soma modeli na msimbo wa injini kwenye kibati, kisha utafute kijitabu chake. Kiwango cha Japani kinataka regula isipungue RON 89 (RON ni kipimo cha oktani) na haioku isipungue 96, na haioku inayouzwa kwenye sheli zao hufika 98 hadi 100. IST na Spacio zenye injini ya 1NZ ni regula, hazitaki maneno mengi: petroli safi ya sheli inazitosha. Mwenye IST akikuuliza kama aongeze dawa ya kupandisha oktani, mwambie hela hiyo anunulie plagi. Oktani haileti nguvu kwenye injini isiyoihitaji. Ni uwezo wa petroli kuvumilia joto na mgandamizo bila kujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, basi. Ikijiwasha hivyo injini inagonga, na ndiyo tunaita noki.

2. Ukiona namba, uliza ni kipimo gani. Gari la Marekani limeandikwa 87 au 91, na hapo ndipo mnapoanza kubishana gereji nzima. Wamarekani wanajumlisha RON na MON (kipimo cha pili cha oktani, kikali zaidi), wanagawa kwa mbili. 87 yao ni kama RON 91 au 92, na 91 yao ni kama RON 95 au 96. Magari ya Ulaya mengi yameandikwa 95 kwa RON, lakini yakiuzwa Japani yanabandikwa haioku kwa sababu regula ya kule haifiki 95. Kwa hiyo si kila stika ya haioku inadai 98. Kijitabu ndicho kinachoamua. Wenye Hiace za injini ya 3L mruke hapa, hiyo ni dizeli, na dizeli inapimwa kwa seteni, si oktani.

3. Mbeya inawadanganya, na hili nitalisema polepole kwa sababu ndilo linaloua injini za watu.

Mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo inavuta hewa nyepesi, mgandamizo ndani ya silinda unashuka, na hitaji lake la oktani linashuka pia. Ndiyo maana majimbo ya milimani kule Marekani, kama Colorado, huuza petroli ya 85 kwa kipimo chao. Sasa wewe unalijaribu gari kutoka Mwanjelwa hadi Uyole, asubuhi ya baridi, uko peke yako ndani. Haligongi. Unamwambia mteja liko safi. Mteja analiteremsha Kyela, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, joto limepanda, halafu anarudi na mzigo akipandisha Tukuyu. Au anakwenda Dar, na wakati wa kurudi anakutana na Kitonga akitokea joto la Mbuyuni. Huko ndiko gari linakojibu swali ambalo wewe hukuliuliza. Na turbo ndiyo kabisa, haina habari na mwinuko wetu, yenyewe inajaza hewa hadi ifike presha yake.

Kijana mmoja niliyemfundisha mwenyewe, baadaye akaenda kufanya kazi gereji nyingine, alipokea Forester ya turbo. Haioku. Mwenye gari ni mama anayefuata mchele Kyela, na alilalamika mambo mawili: taa ya cheki injini imewaka, na gari limekuwa zito mlimani. Mashine ya kusomea kompyuta ikatoa P0325, saketi ya sensa ya noki, lile sikio la kompyuta linalosikia injini ikigonga. Mpaka hapo kijana alikuwa sahihi. Sensa ile iko chini ya manifodi ya hewa, imefungwa kwa boliti moja juu ya bloku, na kweli ilikuwa imepasuka plastiki. Sensa mpya ilikuwa ya kuagiza. Mama alikuwa na safari. Mtu mmoja pale gereji akamwambia kijana kuna njia ya mkato: funga rezista kwenye waya, kompyuta itaona saketi imekamilika. Akafunga. Taa ikazima, gari likawa jepesi kuliko lilivyokuja, mama akafurahi, akalipa, akaondoka.

Hebu tazameni kilichotokea ndani. Sensa ilipokufa, kompyuta ilijua imepoteza sikio, ikarudisha timingi (muda wa plagi kuwasha moto) nyuma kwa usalama. Ule uzito uliomkera mama ndio uliokuwa unailinda injini yake. Rezista ilipofungwa, kompyuta ikaambiwa sikio limepona na kuna ukimya. Ikasogeza timingi mbele kama gari liko Japani na tangi limejaa haioku. Petroli tuliyonayo siyo haioku ile. Forester hizi zinaishi kwetu kwa sababu sensa inasikia noki ya kwanza na kompyuta inarudi nyuma mara moja. Ukiitoa sensa, gari linabaki na petroli ya huku na timingi ya kule.

Mama alipandisha kutoka Kyela na magunia nyuma, gia kubwa, mguu chini. Alisikia mlio kama changarawe ndani ya kopo, akaongeza sauti ya redio. Kijana aliniletea gari hilo mwenyewe, likiwa linatoa moshi wa bluu na kunywa oili. Tulichomoa plagi kwanza. Kwenye kauri nyeupe ya plagi ya nne kulikuwa na vidoa vidogo vya kung'aa, vingine vidogo kuliko kichwa cha sindano. Nikampa, nikamwambia asogee kwenye mwanga. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Injini ikashushwa, na pistoni namba nne ilikuwa imemeguka ukingo ule ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili, kipande kimekwaruza silinda kutoka juu hadi chini.

Mama alikuja, akaiangalia ile pistoni, akauliza, "Fundi, si mlisema taa imezima?" Kijana hakuwa na la kusema, nami sikumsemea, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Msimu wa mavuno ule mama alikodi gari la watu. Kijana huyo leo ni fundi ninayemwamini kabisa. Kila Forester inayoingia anaingiza tochi chini ya manifodi kabla hajasalimia, na mimi humwacha afanye hivyo.

Kwa hiyo: P0325 haifutwi wala haifungiwi rezista. Kama sensa ni ya kuagiza, mwambie mteja ukweli, gari litakuwa zito, aendeshe taratibu, asibebe mzigo. Ukifunga mpya tumia spana ya kupimia nguvu, ikikazwa kupita kiasi au ikilegea inasikia vibaya. Na mfundisheni mteja kushusha gia mlimani. Kukanyaga sana injini ikiwa mzunguko wa chini ndiko kunakoita noki.

4. Mafuta ya kidumu. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli yanaangusha oktani vibaya sana, na hata IST itagonga. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuvunja uchakachuaji, lakini pua yako iendelee kufanya kazi. Gari lililoanza kugonga ghafla, uliza kwanza lilijazwa wapi.

5. Wanaovuka Kasumulu. Malawi wamekuwa wakichanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli tangu 1982. Ethanoli inapandisha oktani, hiyo ni faida, lakini inavuta maji na inasafisha uchafu wa tangi kuukuu. Gari lililotoka huko likikwamakwama, anzia kwenye chujio.

6. Plagi ziwe za namba ya kijitabu. Plagi ya moto kupita kiasi inagongesha injini hata ukiipa petroli nzuri, na kaboni iliyojazana juu ya pistoni nayo hivyo hivyo.

Mnapokabidhi gari, andikeni kwenye karatasi ya kazi: stika inasema nini, sensa mliikuta katika hali gani, na kama mmelijaribu likiwa na mzigo au tupu. Likiharibikia Makambako usiku, fundi wa huko atakuwa na pa kuanzia.