Maswali ya Wasomaji: Shahada ya Baiolojia ya Bahari na Kazi Zake

SWALI: Baiolojia nimefaulu vizuri, Hisabati nimepita kwa kuponea chupuchupu, na kuogelea sijui. Nikaombe kusomea baiolojia ya bahari?

JIBU: Kuogelea utajifunza. Tena wapo wataalamu kibao wa fani hii ambao kazi yao ni hadubini na kompyuta, mtungi wa kuzamia hawajawahi kuuvaa. Kinachokudai ni Hisabati, hasa takwimu.

Chukua zoezi la kawaida la chuoni. Mnatandaza tepu ya mita 50 juu ya mwamba, mnaweka fremu ya nusu mita kwa nusu mita kwenye vituo vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha mnakadiria asilimia ya matumbawe hai, mwani na mchanga. Wanafunzi wapya hupenda kuisogeza fremu kidogo ili iangukie tumbawe la kupendeza. Asilimia inapanda, na data imeshaharibika. Kosa la pili halionekani upesi: fremu kumi za tepu moja si sehemu kumi za bahari. Ukitaka kulinganisha eneo la hifadhi na lile linalovuliwa, tandaza tepu kadhaa, katika sehemu kadhaa za kila upande. Asiyejua takwimu huligundua hilo akiwa ameshakaa kuandika ripoti, maji yamekwisha kumwagika.

Kabla ya kukubali nafasi, kiulize chuo siku za kazi za nyanjani ni ngapi kwa mwaka na uchambuzi wa data unafundishwa kwa programu gani. Programu ya takwimu iitwayo R inatumika sana na ni ya bure, kwa hiyo anza nayo hata leo.

SWALI: Binti yangu amechaguliwa kusoma kozi hii. Kwenye televisheni naona watu wanaogelea na pomboo tu. Atapata ajira kweli?

JIBU: Mzee wetu, ajira za pomboo ni chache na wanaozigombea ni wengi mno. Mlango mpana uko kwenye uvuvi, ufugaji wa viumbe wa majini na tathmini ya athari kwa mazingira, ile inayofanyika kabla gati au bomba halijajengwa. Mtaalamu wa uvuvi hupima samaki wanaposhushwa, hukata vijiwe vya masikioni mwao na kuhesabu pete ili kujua umri. Hapo ndipo makadirio ya kiasi cha kuvua huanzia.

Kwenye mabwawa ya samaki, mtaalamu hupimwa kwa alfajiri zake. Usiku mwani hautengenezi oksijeni ila unaendelea kuitumia, kwa hiyo kiwango huwa chini kabisa kabla jua halijachomoza. Kikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, samaki wengi hutaabika. Anayepima mchana pekee huona namba nzuri, kisha asubuhi anakuta samaki wanaelea.

Akitaka utafiti au kufundisha chuo kikuu, ajiandae kwa uzamili na, mara nyingi, uzamivu. Mwambie pia asikimbilie kulipia kozi ghali za kuzamia kabla hajajua kama tawi lake litazihitaji.

SWALI: Nimehifadhi planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) kwenye formalini kwa mradi wa mwaka wa mwisho. Makombe madogo yamelainika, na kipimo cha DNA hakitoi kitu.

JIBU: Formalini hugeuka asidi taratibu, na asidi huyeyusha makombe ya chokaa. Ilipaswa kutiwa boraksi, chumvi inayozuia asidi, kwanza, kisha sehemu moja ya formalini ya dukani kwa tisa za maji ya bahari. Kuhusu DNA, formalini huiharibu, kwa hiyo sampuli hizo haziokoleki kwa kipimo hicho. Safari ijayo gawa kila sampuli mara mbili, nusu moja uitie ethanoli ya asilimia 95. Planktoni isizidi theluthi moja ya chupa, na ethanoli uibadilishe baada ya siku moja, maana maji ya sampuli huizimua. Lebo andika kwa penseli uitumbukize ndani ya chupa. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli.