Muulize Fundi Redio: Kupaka rangi amplifaya ya gari

Swali: Shikamoo fundi. Mie naendesha Hiace ya Mtwara–Mikindani, nina amplifaya ya chaneli nne, klasi AB (ile aina inayochemka), niliichukua yuzidi msimu wa korosho uliopita. Mziki inapiga vizuri tu ila bodi sasa, imebabuka kama ina mba, yale mapezi yake ya kupozea yametoka unga mweupe, abiria wananicheka. Nataka niipake nyekundu ifanane na siti. Fundi bodi mmoja wa huku kwetu ananiambia nikipaka rangi ni kama nimeivalisha koti itaungua, mwenzie anasema paka tu ila lazima iwe nyeusi ndo inatoa joto. Nishike la nani?
*Dereva, Mikindani*

Jibu: Marahaba njomba. Kila mmoja kashika kipande cha ukweli halafu akakimbia nacho.

Tuanze na huyo wa koti. Ni kweli rangi haipitishi joto vizuri, ukilinganisha na aluminiamu inapitwa kama mara elfu hivi. Lakini angalia unene wake. Rangi ya kupuliza ikipigwa nyepesi mikono miwili, yaani mara mbili, ina kama milimita 0.05, na hilo dude lako ukipima pezi kwa pezi lina eneo kubwa sana, kwahiyo joto linapita hapo karibu bila kuhangaika, hata ikitoa wati 100 za joto tofauti haifiki nyuzi moja. Sasa chukua rangi hiyohiyo, unene uleule, uiweke ndani pale transista (kile kipande kinachokuza sauti na kutoa joto) inapoegemea bodi. Mgongo wa transista kubwa ni kama sentimita 3 za mraba tu, ikitoa wati 20 hapo unaongeza nyuzi kama 16 kwenye transista ambayo tayari inachemka. Rangi ni ileile ila nje ni pambo na ndani ni sumu. Mie yalinikuta zamani najifunza, nikapuliza nje na ndani ili ipendeze hata mtu akifungua (nani anafungua amplifaya aangalie uzuri wa ndani sijui), mwenye gari akarudi siku ya pili anasema nyimbo tatu inazima, inapoa, inawaka, nyimbo tatu tena inazima.

Na huyo wa nyeusi. Aluminiamu tupu inayong'aa ni bahili wa kumwaga joto kwa mionzi, inatoa asilimia chache tu ya inachoweza. Ukiipaka rangi, rangi yoyote ile, inapanda mpaka kama asilimia 90. Ndio, yoyote, kwa sababu mionzi ya joto haionekani kwa macho na huko nyeupe, nyekundu na nyeusi zinafanana. Nyeusi inaleta tofauti ukiiweka juani tu, na hapo tofauti yenyewe ni mbaya maana inavuta jua. Kwahiyo nyekundu yako ruksa njomba, tena amplifaya isiyo na feni inaweza hata kupoa kidogo zaidi kuliko ikiwa aluminiamu tupu. Usitegemee maajabu lakini, kazi kubwa inafanywa na upepo unaopita kwenye mapezi.

Na hapo kwenye mapezi ndo watu wanapoharibu. Fundi bodi kazoea mlango wa gari, anapiga puti, anapiga praima nzito, anapiga rangi mikono minne na kliya (ile ya kung'arisha) juu, nafasi kati ya pezi na pezi zinaziba kwa matone. Mwambie hii sio mlango. Puti hapana kabisa, shimo likiwepo liache lilivyo. Kliya nayo ya nini.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Chomoa waya zote, anza na ethi ya betri, iache ikae kidogo kapasita (vile vikopo vinavyotunza umeme) ziishiwe umeme. Fungua, toa ubao wa ndani wote, na kila transista ujue ilikaa wapi, piga picha kwa simu. Utakuta chini yake kuna karatasi ya maika au raba laini, ile inazuia umeme usiingie kwenye bodi, ikichanika nunua nyingine usiunge. Huo unga mweupe kwenye mapezi ni kutu ya aluminiamu, sisi tunaokaa na bahari tumeshauzoea, hewa ya chumvi haichagui. Usugue na brashi na msasa namba 400, malizia 600, osha kwa maji na sabuni, kausha, futa na thina, ukishafuta usishike kwa mkono mtupu maana mafuta ya vidole yanafanya rangi ibanduke.

Kuna watu wanabandua rangi ya zamani kwa kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Kwenye chuma sawa, kwenye aluminiamu utaona inachemka na kutoa povu, ujue inakula bodi yenyewe, na gesi inayotoka hapo ni haidrojeni inashika moto. Achana nayo.

Praima uliza ile ya aluminiamu inayong'ata, ya kawaida ya chuma itabanduka kama ganda la yai. Mkono mmoja mwembamba. Kabla ya hapo ziba kwa tepu ya karatasi sehemu zote za ndani zinazogusana na transista, matundu ya skrubu na sehemu ya terminali, pale waya zinapofungwa. Halafu rangi, pulizia ukiwa mbali kidogo na kwa kukatisha, upande huu wa mapezi kisha upande wa pili, mikono miwili basi. Rangi ya kawaida ya gari inatosha, ile ya injini isiyoogopa moto sio lazima, bodi ya amplifaya haifiki huko. Usipulize siku ya mvua wala jioni unyevu ukishashuka, rangi itatoka na ukungu mweupe, we subiri saa nne asubuhi, na siku upepo wa kusi unavuma ingia ndani usije ukapaka mchanga.

Ukirudisha, futa pesti ya zamani yote (ule uji wa kupitisha joto chini ya transista), weka mpya nyembamba kama unapaka siagi ya mkopo, kaza skrubu sawasawa. Kabla hujawasha chukua mita ya fundi (multimita) ikiwa kwenye mlio upime mgongo wa kila transista na bodi, ikilia piii usiwashe, kuna maika imechanika. Na ile ethi ya amplifaya kwenye bodi ya gari ifunge kwenye chuma kilichokwanguliwa, sio juu ya rangi.

Swali: Fundi, nimesikia Dar kuna rangi ya unga wanayooka kwenye oveni, haibanduki. Niitume amplifaya yangu kama ilivyo?
*Msomaji, Lindi mjini*

Jibu: Usithubutu. Ile oveni inafika nyuzi 180 mpaka 200, na kapasita za ndani zimeandikwa 85 au 105, angalia ubavuni mwake. Utaletewa bodi nzuri na ubao uliokufa. Tuma bodi tupu, na uwaambie wazibe sehemu za transista, tena unga unakuwa mnene kuliko rangi ya kopo kwahiyo mapezi yaliyobanana sana sikushauri.

Swali: Mie nimeshapaka, nje tu, sikuifungua. Sasa ikipiga nusu saa inazima. Rangi imeniponza?
*Kijana wa Masasi*

Jibu: Kama ni nje tu na mapezi hayajaziba, mdogo wangu, rangi sio mchawi wako. Ulipokuwa unapaka si uliitoa kwenye gari? Uliirudisha wapi? Nna wasiwasi umeifunga chini ya kapeti au mgongoni mwa boksi la sabufa mapezi yakiwa yameangalia chini, ili rangi mpya isikwaruzwe. Klasi AB ikivuta ampia 20 kwa volti 13.8 inakula wati 276 na karibu nusu inageuka joto, hilo joto lazima lipande liende mahali. Isimamishe mapezi yawe wima, acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka. Ikiendelea kuzima fungua ndani, huko kwenu vumbi jekundu linajaa mpaka feni inakwama, puliza kwa kompresa, halafu kaza skrubu za transista moja moja, utakuta mbili tatu zimelegea.