Kazi halisi ya mwakilishi wadi katika Kaunti ya Lamu: jibu kwa ndugu anayetaka kugombea 2027

Ndugu yetu wa kisiwa cha Pate ameuliza hapa kwamba ana nia ya kugombea uwakilishi wadi katika uchaguzi wa Agosti 2027, na anataka kuelezwa kazi yenyewe ni ipi baada ya mabango kuondolewa na mtu kuapishwa. Nilikuwa msaidizi katika ofisi ya mwakilishi wa wadi moja ya visiwani kwa muhula mzima. Nilipokea watu, niliandika barua na nilifuatilia miradi katika idara za kaunti. Nitajibu kutokana na niliyoyaona huko, na kwa kuwa jambo hili linagusa maisha ya watu wetu, naomba uvumilivu kwa urefu wa jibu.

Sheria yenyewe ni fupi kuliko matarajio ya watu. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka mwakilishi awe karibu na waliomchagua, ashauriane nao, apeleke maoni yao katika bunge la kaunti na kuhudhuria vikao na kamati zake. Kifungu hichohicho kinamkataza kujiingiza katika utendaji wa serikali ya kaunti au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mwajiriwa wake. Kwa hivyo mwakilishi hajengi zahanati, haajiri muuguzi, hatoi zabuni, wala hashiki fedha za mradi. Anatunga sheria za kaunti, anapitisha bajeti na kuisimamia serikali ya gavana. Anayeingia akidhani kwamba amepewa fungu la fedha la kugawa hugombana na watu wake tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu aliahidi kisichokuwa mkononi mwake.

Wanaokuja mlangoni hawaji na maswali yaliyopangwa kwa mujibu wa Katiba. Asubuhi moja huja mama anayetafuta karo ya shule ya sekondari, mvuvi ambaye mashine ya boti yake imekufa, mzee mwenye shauri la hatimiliki ya shamba, kijana ambaye nduguye amekamatwa usiku, na watu wa mtaa ambao mwalimu wao wa chekechea hajalipwa. Katika hao, chekechea na uvuvi ndiyo mambo ya kaunti moja kwa moja. Shule za msingi na za sekondari, polisi na machifu ni kazi za serikali ya kitaifa. Hatimiliki hutolewa na wizara ya ardhi ya kitaifa, ingawa mipango ya ardhi na upimaji vimo katika majukumu ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo linalogawanya kazi hizi, na ningekushauri ulisome kabla hujachapisha bango la kwanza. Hata hivyo, mtu haambiwi tu kwamba hilo si letu kisha akaachwa aende zake. Kazi nzuri ya ofisi ya wadi ni kumwandikia barua inayomfikisha panapohusika, iwe ni kwa naibu kamishna wa kaunti, kwa kamati ya hazina ya maendeleo ya eneo bunge, au kwa ofisi ya mwakilishi wa wanawake, na kuuliza baadaye kama alisikilizwa. Nimeona watu wakiridhika zaidi na barua iliyofuatiliwa kuliko noti waliyopewa mkononi.

Nguvu yako ya kweli imo katika bajeti, na hapa ndipo ninapotaka uweke akili yako yote. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mambo huamuliwa mapema mno. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, karibu miezi kumi kabla ya fedha zake kuanza kutumika. Waraka wa sera ya fedha hufuata kufikia mwisho wa Februari, makadirio kufikia tarehe 30 Aprili, na kufikia tarehe 30 Juni bunge liwe limekwisha kuidhinisha. Kijiji kinachokuja na ombi lake mwezi wa Mei huwa kimechelewa, hata kama ombi ni la haki kabisa. Tulikuwa tukizunguka vijijini kabla ya Agosti kwisha ili orodha ya wadi iandikwe na kuwasilishwa kwa wakati, na hilo pekee lilileta tofauti kubwa kuliko hotuba zote zilizotolewa bungeni.

Tena kuna mafungu mawili ya matumizi, ya maendeleo na ya kawaida, na mwakilishi asiyeyatofautisha huwaletea watu wake majengo yasiyo na huduma. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo kwa muda wa kati, nao wawakilishi hulikimbilia fungu hilo kwa sababu jengo linaonekana na kuzinduliwa. Katika kijiji kimoja cha wadi yetu, zahanati ilikamilika, ikapakwa rangi na kufungwa kufuli, ikakaa hivyo kwa muda mrefu huku wajawazito wakiendelea kuvushwa kwa boti usiku. Mshahara wa muuguzi, dawa na mafuta ya boti ya wagonjwa vilikuwa katika fungu la matumizi ya kawaida, na hapakuwa na mtu aliyeviombea katika mwaka ule jengo lilipoombewa. Mtu wa bara huenda asione uzito wa jambo hili, kwa kuwa mgonjwa wake akikosa zahanati hupanda pikipiki. Mgonjwa wa kwetu husubiri maji yajae.

Habari ya maji inahusu pia siasa yenyewe. Katiba, katika kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti lirahisishe ushiriki wa umma katika shughuli zake. Lakini tangazo la mkutano likitoka mjini Amu likisema saa tatu asubuhi, na mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki kwa raha maji yakiwa yametoka, basi watu wa Siyu na Faza kisiwani Pate wameshaachwa nje kabla mkutano haujafunguliwa. Miezi ya Mei na Juni, bajeti inapojadiliwa kwa ukali, ndiyo miezi ya pepo za kusi, na safari ya bahari kwenda Kiunga si ya kumshinikiza mtu. Mwakilishi wa visiwani anatakiwa kudai kwamba vikao vifanyike vijijini, kwa saa zinazolingana na kujaa kwa maji, na kwamba karatasi za makadirio zifike kabla ya siku yenyewe zikiwa zimefafanuliwa kwa Kiswahili. Ndugu zetu Waboni wa wadi ya Basuba, ambao wameishi miaka mingi na matatizo ya usalama na ya barabara, wanahitaji kutetewa katika hilo zaidi yetu sote.

Katika kuisimamia serikali ya gavana, udogo wa bunge letu ni faida. Lamu ina wadi 10 tu, ilhali Nairobi ina 85. Ukiongeza wanachama walioteuliwa, bado kila kura katika kamati ina uzito, na waziri wa kaunti hawezi kujificha katika umati. Omba taarifa kwa maandishi kupitia kamati, taja jina la mradi, mwaka wa fedha na kiasi kilichotengwa, kisha linganisha jibu na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kelele katika mkutano wa hadhara husahaulika, lakini jibu lililoandikwa katika kumbukumbu za bunge linaweza kurejelewa mwaka unaofuata.

Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilianza kazi Mei 2021, iko chini ya serikali ya kitaifa. Hata hivyo, ni wakazi wenyewe waliokwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari hiyo. Nakutajia hili ili ujue kwamba mwakilishi si njia pekee ya watu kudai haki, na wanapojipanga wenyewe, wajibu wako ni kuwasaidia kwa taarifa na kwa ushahidi bila kulidai jambo kuwa lako.

Kuhusu safari ya kisiasa, hakuna ngazi moja. Issa Timamy, mwanasheria, alikuwa gavana wetu wa kwanza mwaka 2013, akashindwa 2017 na Fahim Twaha, ambaye alikuwa amekwisha kuwa mbunge wa Lamu Magharibi, kisha Timamy akarudi 2022. Ruweida Obo alichaguliwa mwakilishi wa wanawake 2017, na 2022 akawa mbunge wa Lamu Mashariki. Usiingie kwenye wadi ukiiona kama kituo cha kupitia tu. Watu hulitambua hilo mapema.

Kwa upande wa masharti, uwe mpiga kura aliyesajiliwa na uteuliwe na chama, au ugombee peke yako ukiungwa mkono na angalau wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Sharti la shahada ya chuo kikuu kwa wawakilishi wadi lilibatilishwa na Mahakama Kuu 2021. Kwa sasa, omba nakala ya mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027 na ya bajeti ya mwaka huu, utafute kila mstari unaotaja kijiji cha wadi yako, kisha uende ukatazame kilichopo. Ukinyimwa, andika ombi rasmi ukitaja kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.