Mti Mkubwa Ubavuni mwa Nyumba: Tuukate?

SWALI: Tuna mti wa mita 12 hivi, uko mita 4 kutoka ukutani. Kona ya nyumba iliyo upande wake imepasuka kuanzia dirishani. Fundi anasema mizizi inanyanyua msingi, tuukate upesi. Ni kweli?

JIBU: Msiukate kwanza. Mizizi huinua kwa urahisi vitu vyepesi kama sakafu ya baraza au ukuta wa uzio, lakini kunyanyua msingi mzima uliobeba nyumba ni nadra. Kinacholeta balaa mara nyingi ni maji. Kiangazi mti mkubwa hunyonya maji mengi ardhini, na udongo wa mfinyanzi ukikauka hunywea. Basi msingi hutitia upande wa mti, upande wa pili unabaki palepale, na ukuta unapasuka. Kwenye kichanga jambo hili halitokei sana, kwa hiyo anzeni na udongo: chimbeni nusu mita kando ya msingi, lowesheni bonge dogo na kulisokota viganjani. Likitoa uzi wenye unene wa milimita 3 bila kukatika, huo ni mfinyanzi.

Kisha upimeni ufa wenyewe. Wekeni alama ya penseli kila upande, mpime umbali kati yake kila mwezi na kuandika tarehe, kwa mwaka mzima. Ufa unaopanuka kiangazi na kujibana masika unaushitaki mti, hasa ukiwa umepanda kimshazari kufuata viungo vya matofali na juu ni mpana kuliko chini. Msiuzibe kabla ya hapo. Plasta itapasuka tena na vipimo mtavipoteza. Ukifikia milimita 5, au milango ikianza kukwama, mwiteni mhandisi wa majengo bila kusubiri mwaka uishe.

Kagueni pia bomba la majitaka. Kiungo kinachovuja hulegeza ardhi chini ya msingi, na mizizi huingia humo ikifuata maji.

Mbona tunakataa shoka? Mfinyanzi uliokaushwa na mti kwa miaka mingi hunyonya tena maji polepole mti ukiondoka, ukavimba, na hapo ndipo msingi huinuliwa kweli. Hatari ni kubwa zaidi ikiwa mti ulikuwepo kabla ya nyumba. Wala msikate mizizi minene karibu na shina: upepo mkali unaweza kuuangusha mti huo juu ya paa.