Barua kwa mwanangu: tisa ya pau

Korogwe, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa saa kumi na moja alfajiri, kwamba umeliwa pesa kwenye poka, niliusoma nikiwa bado ndani ya chandarua, nikausoma tena nilipotoka kanisani. Sikutaka kukupigia, maana ungenikatiza kila neno. Unauliza: “Mama, wewe umegawa karata kasino miaka kumi na moja. Niambie ukweli, karata walizichezea?”

Hapana, hazikuchezewa.

Najua ulitamani niseme ndiyo. Mtu aliyeibiwa hulala usingizi kuliko mtu aliyeliwa.

Kwenye ruleti, ule mchezo wa gurudumu, kasino inashindana na wewe. Kwenye poka haishindani na mtu, mnakulana wenyewe kwa wenyewe, yenyewe inakata chake katika kila poti, yaani ile pesa mliyoiweka katikati ya meza. Meza yangu ilikata asilimia tano, mpaka kiwango fulani. Mgawaji mwenye mkono mwepesi hutoa michezo kama 30 kwa saa. Chukua kila mchezo umekatwa elfu tano tu: hiyo ni laki moja na nusu kwa saa, na kwa saa nane ni milioni moja na laki mbili. Nani kashinda, nani kalia, pesa hiyo imeshaingia. Mwenye biashara ya namna hiyo ahangaike na laki tatu zako za nini? Anachoomba ni usiondoke mezani, basi.

Na mgawaji naye anachungwa kuliko mchezaji. Sare yetu haikuwa na mifuko. Pakiti mpya ikifunguliwa, tunaitandaza kifudifudi na kuivuruga kwa viganja viwili, tukiita kuzifua karata. Ndipo zinachangwa na kukatwa. Kabla ya kufunua zile tano za mezani, ambazo kila mchezaji huziunganisha na mbili za mkononi mwake, ile ya juu inachomwa, yaani inawekwa kando bila kuonwa, ili kama kuna aliyeitia alama asifaidike nayo. Nikibadilishwa napiga kofi moja na kugeuza viganja juu, kamera ya darini ione sina kitu. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nafanya hivyo hata nikimaliza kuosha vyombo. Wewe ulikuwa ukinicheka mpaka unakaa chini.

Sasa tuje kwenye hiyo ree yako, karata kubwa kuliko zote.

Unasema ulikuwa na ree ya kopa na ree ya shupaza, jamaa ana tisa mbili, mkasukuma pesa zote kabla hata karata moja haijalala mezani. Zikafunuliwa nne, bado unaongoza. Ya tano ikaja tisa ya pau, tisa zake zikawa tatu, zikazila ree zako mbili. Umeandika kwamba uwezekano wake ulikuwa mmoja kati ya 22, na hesabu hiyo umeipiga sawasawa: karata 52, toa nne za mikononi mwenu, toa nne za mezani, zinabaki 44, na tisa ndani yake ni mbili tu. Lakini, mwanangu, pesa hukuiweka wakati huo. Uliiweka mwanzo kabisa, na pale mwanzo ree mbili zikipambana na tisa mbili hushinda mara nne katika tano. Mara ya tano huliwa. Kwa hiyo uliingia kwa hesabu ya moja kwa tano, ukaja kulia kwa hesabu ya moja kwa 22. Wateja wangu wote walilia hivyohivyo. Mtu anahesabu msiba kuanzia pale alipokuwa amekaribia furaha.

Wapo wanaokula njama, sikatai. Wawili wanaofahamiana wanakaa meza moja, wanapandishiana dau mpaka wewe wa katikati unabanwa. Niliwaona, na nikawapeleka kwa msimamizi mara mbili. Lakini mtu wa njama hasukumi pesa zake zote na tisa mbili mbele ya ree mbili. Huyo alikuwa mcheza kamari tu, kama wewe.

Na usiniletee tena habari za Chris Moneymaker. Ni kweli jina lake ndilo hilo, “mtengeneza pesa”, ni kweli alikuwa mhasibu wa Tennessee, na mwaka 2003 kule Las Vegas alishinda mashindano ya dunia ya poka, akaondoka na dola milioni mbili na nusu. Walioingia mashindano yale walikuwa 839. Mimi kwa kazi yangu nilikaa mbele ya wale 838 wengine.

Tisa ya pau ilikula laki tatu zako. Nakubali, inauma, na ningekuwa karibu ningekuandalia chai ukaenda kulala. Ila umeandika mwenyewe kwamba uliondoka saa kumi alfajiri na umepungukiwa laki saba na nusu. Hizo laki nne na nusu zilikwendaje? Ile ree ilianguka saa tano usiku. Ukatoka nje kwa wakala, ukatoa laki mbili kwenye simu. Ukarudi kwa wakala tena, laki mbili na nusu. Katikati hapo umecheza jeki ya uru na saba ya pau, karata ambazo jioni ile ile ulikuwa unazitupa bila kuzitazama mara mbili. Umelipa laki moja kusubiri kopa moja ya mwisho ili zitimie tano, poti ikiwa na laki moja na nusu. Kopa zilikuwa zimebaki tisa katika karata 46 usizozijua, yaani kama mara moja katika tano. Poti ilipaswa kupita laki nne ndipo usihesabiwe umetoa sadaka. Hesabu hii unaijua, ndiyo maana umeweza kuniandikia kinagaubaga. Saa nane za usiku hukuijua.

Sisi wagawaji tulikuwa na neno letu: “huyu kashawaka.” Aliyewaka humjui kwa kelele. Wengine wanakuwa wapole kabisa. Utamjua kwa chipu, vile visahani vya kuwekea dau: mwanzoni alizipanga minara iliyonyooka, sasa zimelala rundo kama maharage kwenye ungo. Ananunua nyingine kabla hajakaa. Halafu anaacha kutazama karata zake, anaanza kutazama mikono yangu. Swali lako hili nimeulizwa kwa macho usiku mwingi, mwanangu, na siku zote na mtu ambaye pesa ya kwanza alishaipoteza zamani.

Kuna kitu watu hawakitilii maanani. Sisi tulibadilishwa kila nusu saa, wakati pesa haikuwa yetu na hasara haituhusu, kwa sababu kichwa kinachoka na mkono unaanza kukosea. Mchezaji hana wa kumbadili. Anakaa saa tisa mfululizo.

Umemalizia kwa kuandika, “wewe usingeweza kunielewa, hujawahi kukaa upande ule.” Hapo ndipo nilipoamua kuandika barua.

Unakumbuka tulivyohama Sinza kwenda Mbagala, ukiwa darasa la tano? Nilikwambia mwenye nyumba kapandisha kodi. Hakupandisha. Kazini kwetu mfanyakazi haruhusiwi kucheza, basi siku yangu ya mapumziko nikaenda kasino nyingine, na kodi ya miezi sita kwenye mkoba, nikijiambia nitagusa kidogo tu, nami ninaijua meza kuliko wote waliokaa pale. Kweli niliijua. Mpaka saa sita usiku nilikuwa juu. Nikaja kuliwa na malkia watatu, mchezo wa halali kabisa, msichana aliyegawa alikuwa safi, hata sikuwa na la kumwambia. Nikabaki na nusu ya kodi. Nusu ile ingetosha kumbembeleza mwenye nyumba. Alfajiri nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, nikawasha jiko, nikakuchemshia uji, nawe ukaniuliza kwa nini nimevaa viatu vya kazini siku ya mapumziko. Nikakwambia vile vingine vimekatika kamba.

Shule ukahama katikati ya muhula. Rafiki yako yule wa mpira mkapotezana. Baba yako alijua, akafa nayo bila kunitangaza, Mungu amrehemu. Nilimwambia mwenyewe, siku ya tatu, na zile siku mbili za kabla ndizo ngumu kuliko usiku wenyewe.

Sasa na mimi nina swali langu. Mwezi uliopita uliniambia umeshaweka laki nne za mabati ya jikoni kwenye simu, zinasubiri fundi apatikane. Fundi amepatikana, anakuja Alhamisi na vijana wake wawili, na mvua huku zimeshaanza kunyesha usiku. Je, ni zile ulizotoa kwa wakala? Kama ndizo, niandikie leo, nimwambie asipande gari bure. Turubai la mwaka jana lipo, nitalitandika.

Mama yako