Fundi sanifu wa uhandisi wa kemikali: je, shahada ni lazima?

Kwa aliyeuliza kama kazi hii inahitaji shahada, jibu ni kwamba kwa kawaida haihitaji, kwani stashahada ya miaka 2 au 3 yenye mazoezi ya kutosha ya maabara humwezesha mtu kuanza. Mhandisi ndiye husanifu mtambo, ilhali fundi sanifu husaidia kuuendesha, huchukua sampuli, hupima joto, shinikizo na pH (kiwango cha asidi au besi), kisha huandika kila kipimo kama alivyokisoma, bila kukadiria. Kwenye uandishi huo ndipo wengi huteleza, maana tarakimu moja iliyokosewa yaweza kuharibu mkupuo mzima wa bidhaa. Hesabu na kemia zisikutishe mno. Ila asiyevumilia zamu za usiku na afikiri upya kabla ya kujisajili.