Barua kwa mwanangu: anzeni na sheria moja

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini wewe na wenzako mkitaja uhuru wa mtu binafsi, soko huria na serikali yenye mipaka, watu wa Manzese na Tandale wanasikia ubepari tu, na kama iko namna ya kuwafikia wengi zaidi. Ipo. Kwanza acheni kutanguliza jina la falsafa.

Tangulizeni sheria moja ambayo watu tayari wanaigharamia. Sheria za nafaka za Uingereza za mwaka 1815 zilizuia ngano ya nje mpaka bei ya ndani ifike shilingi 80 kwa kipimo chao cha kota. Wenye mashamba makubwa walineemeka, mfanyakazi wa kiwandani akanunua mkate kwa bei ya kuumiza. Richard Cobden na John Bright, wanasiasa wa Uingereza, pamoja na umoja wa kupinga sheria hizo ulioundwa Manchester, hawakudai uhuru wote kwa mkupuo. Walidai sheria hizo zifutwe, basi. Posta ya bei nafuu, peni moja kwa barua, ilipoanza mwaka 1840 waliitumia kusambaza vijarida. Wafuasi wakahimizwa kununua viwanja vidogo vyenye thamani ya shilingi 40 kwa mwaka, kwa sababu umiliki huo ulimpa mwanamume haki ya kupiga kura. Mwaka 1846 Bunge likapitisha kuzifuta.

Kwetu Tanzania, mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ili chakula kisipungue. Nia ilikuwa njema. Lakini mkulima wa Rukwa akifungiwa wanunuzi wa nje, nafuu ya mlaji wa Dar inatoka mfukoni mwake, na akipata hasara msimu ujao atapunguza ekari. Mwelezeni hivyo mchuuzi wa nafaka pale Tandale, ataelewa haraka kuliko mhitimu wa chuo.

Mtaani, chagueni ushuru, kibali au faini moja. Tafuteni sheria ndogo yenyewe, maana nyingi hutajwa kwa mdomo na mgambo na hakuna aliyeisoma. Sheria ndogo ya halmashauri hupitishwa na baraza la madiwani, huidhinishwa na waziri, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kama haikupita huko, hilo pekee ni hoja. Kaeni na mama lishe au waendesha bodaboda kumi hivi kijiweni, mhesabu pamoja nao: ada, nauli za kufuatilia, siku za kazi zilizopotea, mali iliyokamatwa. Hesabu waandike wao. Kisha ombi liwe la sentensi moja, lipelekwe kwa diwani kwa jina lake: kifungu fulani kifutwe, au ada ilipwe mara moja kwa mwaka mahali pamoja. Ombi la “kuboresha mazingira ya biashara” halimbani mtu yeyote.

Wengi huharibu wanapowatetea wafanyabiashara badala ya ushindani. Kampuni ikiomba msamaha wa kodi wa peke yake, au ulinzi dhidi ya wapinzani wake, ipingeni hadharani, hata kama ndiyo iliyowalipia ukumbi. Msipofanya hivyo, mama lishe atakuwa na haki ya kuwaita vibaraka wa matajiri. Wala msiitukane serikali kwa ujumla. Mtu mwenye kibanda anahitaji mahakama inayosikiliza kesi yake na polisi wasiomwomba kitu. Bila hivyo uhuru wa biashara ni wa mwenye mabavu.

Wakisema fikra hizi ni za kigeni, fungueni Katiba. Haki za msingi ziliingizwa mwaka 1984: Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, ya 24 inalinda mali na kukataza kunyang'anywa bila fidia ya haki. Na yupo Jaji Francis Nyalali, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu. Tume yake, iliyokusanya maoni kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vingi, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, pamoja na kufuta au kurekebisha sheria 40 kandamizi. Mfumo wa vyama vingi ulirejea mwaka 1992, ila si sheria zote zile zilizoguswa. Orodha hiyo isomeni kabla ya kitabu chochote cha Ulaya, na katika zile zisizoguswa chagueni ile ambayo mtu wa kawaida wa Temeke angeweza kukamatwa nayo kesho.

Mama yako